Mganga Asinawe Mikono Kama Pilato

Kila Juma Kuu twasomewa Mateso ya Bwana Wetu Yesu Kristu, na kila mwaka twamwona Ponsyo Pilato ameketi katika kiti chake cha hukumu. Mtu yule hakukosa maarifa. Alimhoji mshtakiwa mwenyewe, akaona ya kwamba hana kosa, tena akalisema jambo hilo mbele ya watu zaidi ya mara moja. Wala hakukosa mamlaka, maana nguvu ya Kaisari katika nchi ile ilikuwa mkononi mwake. Hata hivyo, kelele zilipozidi, aliiacha hukumu aliyokuwa nayo moyoni, akaifuata ya wengine, kisha akaagiza maji. Alijua lililo haki, akawaachia wengine mzigo ambao ulikuwa wake.

Leo twataka kusema habari za hospitali, na pengine msomaji atauliza Pilato ameingiaje huko. Mganga kunawa mikono kwa maji na sabuni ni jambo jema, nasi twamwomba azidi kunawa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Lakini kuna kunawa kwingine kunakoanza kuingia taratibu katika vyumba vya wagonjwa, nako ni kusema: “Si mimi niliyeamua, ni mashine.” Kunawa huko ndiko twakokuogopa.

Kwa miaka hii michache, programu za kompyuta ziitwazo akili mnemba, au akili bandia kama wengine wasemavyo, zimeanza kuwekwa karibu na mganga. Programu hizi hufundishwa kwa kuonyeshwa picha na maandishi mengi mno, hata zikaweza kutambua kinachofanana na kisichofanana. Tuchukue kifua kikuu, ugonjwa ambao jamaa nyingi za nchi yetu zaujua kwa uchungu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali ya kwamba picha ya eksirei ya kifua, kwa watu wa miaka 15 na zaidi, yaweza kusomwa na programu ya namna hii badala ya jicho la binadamu, ili kuwachuja wale wanaopaswa kupimwa zaidi. Jambo hilo lina faida kubwa mahali ambapo mtaalamu wa kusoma picha hapatikani. Programu huitazama picha kwa muda mfupi, kisha hutoa namba.

Namba hiyo si ugonjwa, bali yaonyesha tu jinsi picha ile inavyofanana na picha za wagonjwa wengine ambazo programu ilionyeshwa zamani. Yawapasa watu kuamua ni namba ipi itakayomfanya mtu apelekwe kupima makohozi, na ni ipi itakayomrudisha nyumbani. Wakiweka mpaka chini mno, wazima wengi watasumbuliwa bure. Wakiuweka juu mno, baadhi ya wagonjwa watarudi nyumbani wakikohoa katikati ya watoto wao. Tazameni basi: hata pale tusemapo kwamba mashine imeamua, yupo binadamu aliyeuweka mpaka ule, ambaye mgonjwa hamjui wala pengine hatamwona kamwe. Binadamu hakuondoka katika uamuzi. Amekaa tu mahali ambapo hatuwezi kumwuliza neno.

Hatusemi haya ili kuwatia watu hofu ya vyombo vipya. Kanisa limejenga hospitali na zahanati katika nchi hii tangu siku za wamisionari wa kwanza, na kila kifaa kilichomwokoa mama katika uzazi au mtoto katika homa tumekipokea kwa shukrani, kwa maana akili ya kukibuni yatoka kwa Mwenyezi Mungu. Tena habari njema zipo. Katika nchi ya Sweden, mwaka 2023, ilitangazwa taarifa ya uchunguzi wa saratani ya matiti uliohusu wanawake zaidi ya 80,000. Pale akili mnemba iliposaidia, saratani zilizogunduliwa zilikuwa kama 6 kwa kila wanawake 1,000, na pale iliposomwa kwa desturi ya zamani zilikuwa kama 5. Nayo kazi ya wasomaji wa picha ilipungua kwa asilimia 44. Lakini angalieni jambo moja: kila picha ilisomwa na mtaalamu mmoja walau, na zile za hatari zilisomwa na wawili.

Hapa kwetu pia, mwaka huo huo wa 2023, ilitolewa taarifa ya utafiti uliofanywa katika vituo 40 vya afya nchini Tanzania. Watumishi katika sehemu ya vituo hivyo walipewa kishikwambi chenye programu ya kuwaongoza hatua kwa hatua wanapomtazama mtoto mgonjwa. Programu ile haikuwa akili mnemba kwa maana kamili, kwa kuwa ilifuata kanuni zilizoandikwa na waganga. Lakini ni ndugu yake wa karibu. Katika vituo visivyokuwa nayo, watoto 70 katika kila 100 walipewa antibiotiki. Katika vituo vilivyokuwa nayo walipewa 23 tu, wala kupona kwa watoto hakukuwa kubaya zaidi. Mtumishi alikuwa na ruhusa ya kulikataa jina la ugonjwa alilopendekezewa. Na huko Nairobi, mwaka 2025, ilitangazwa habari ya zahanati 15 na matembezi ya wagonjwa karibu 40,000. Humo akili mnemba ilikaa nyuma ya tabibu na kumwashia taa nyekundu ilipodhani amekosea, naye tabibu alibaki na neno la mwisho. Makosa ya kuutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16. Kampuni iliyoitengeneza akili hiyo ilishiriki katika uchunguzi wenyewe, basi yafaa wengine nao waupime. Hata hivyo twaifurahia dalili hiyo.

Baada ya kusifu, sasa yatupasa kusema lililo zito. Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa yu salama mradi tu yupo mganga mwenye jina na sahihi karibu na mashine. Sivyo. Huko Ujerumani watafiti waliwaita wasomaji 27 wa picha za matiti, wakawapa picha pamoja na shauri lililosemwa kuwa limetoka kwa akili mnemba. Baadhi ya mashauri yalikuwa ya uongo kwa makusudi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023. Shauri lilipokuwa sahihi, wasomaji wenye uzoefu mkubwa waliamua vyema picha 82 katika kila 100. Lilipokuwa la uongo, walianguka hadi chini ya 46. Wasio na uzoefu walianguka kutoka karibu 80 hadi chini ya 20. Watu hawa walikuwa na macho, na picha ilikuwa mbele yao. Wengi wao, kama wangeachwa peke yao, wangaliona kweli.

Huyo ndiye Pilato wa siku hizi, wala hahitaji kuwa mtu mbaya. Makutano ya Yerusalemu yalipiga kelele. Mashine haipigi kelele, huandika namba ndogo tu pembeni mwa kioo. Lakini mganga aliyechoka, aliyeona wagonjwa 60 tangu asubuhi, na ambaye ajua kwamba akipingana na namba ataulizwa na akikubaliana nayo hataulizwa, husikia namba ile kwa nguvu kuliko kelele za makutano. Hutia sahihi. Na siku mambo yatakapoharibika, maji ya kunawa yako tayari.

Tena kuna hasara nyingine inayokuja polepole. Mwaka 2025 waganga wa Poland walitoa habari ya uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera, unaotafuta vivimbe vidogo viwezavyo kugeuka saratani. Kabla akili mnemba haijaingia katika vituo vyao, vivimbe hivyo vilionekana kwa wagonjwa 28 katika kila 100. Baada ya waganga kuizoea, katika uchunguzi uliofanywa bila msaada wake, vilionekana kwa 22 tu. Wazee wetu walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Jicho lisilotumika hufifia, na siku umeme utakapokatika, au mtandao utakapopotea, mgonjwa atabaki na mganga ambaye ameanza kusahau kuona.

Wala tusidhani kwamba mashine haina upendeleo kwa sababu haina moyo. Mwaka 2019 iligunduliwa Marekani kwamba programu iliyotumika sana kuchagua wagonjwa wanaohitaji uangalizi zaidi iliwaacha nyuma watu weusi. Haikuwachukia. Iliulizwa swali lisilofaa: badala ya kupima ugonjwa wa mtu, ilipima fedha zilizotumika kumtibu, ikachukua fedha kidogo kuwa dalili ya afya njema. Nao watu weusi walikuwa wametibiwa kwa fedha kidogo kuliko weupe wenye ugonjwa ule ule. Watafiti walisema kwamba kama kosa hilo lingesahihishwa, watu weusi katika kundi la kusaidiwa wangeongezeka kutoka chini ya 18 hadi zaidi ya 46 katika kila 100. Sisi wa nchi hii tulifikiri neno hilo sana. Ni mama wangapi vijijini ambao hawana cheti hata kimoja cha hospitali, si kwa kuwa hawakuugua, bali kwa kuwa hawakuwa na nauli? Programu isiyojua habari ya nauli itawahesabu kuwa wazima.

Basi yatupasa kufanya nini? Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba fadhila ya busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu juu ya shauri lile, na kuamuru lifanyike lililoonekana jema. Mafundisho haya ni ya kale, lakini yatufaa sana leo. Katika tendo la kwanza mashine yaweza kuwa mshauri mzuri, pengine mwenye kukumbuka mengi kuliko sisi sote. Lakini kuhukumu na kuamuru ni kazi ya mtu mwenye dhamiri, awezaye kutubu akikosa na awezaye kujibu mbele ya mgonjwa, mbele ya sheria na mbele ya Mungu. Ndiyo maana hati ya Vatikano iitwayo Antiqua et nova, iliyotolewa Januari 2025, inasisitiza kwamba maamuzi juu ya matibabu, pamoja na wajibu wake, yabaki kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, liliweka kulinda uhuru wa binadamu wa kuamua kuwa kanuni ya kwanza kati ya sita.

Ili neno hili lisibaki maneno matupu, twasema kwamba msimamizi wa kweli wa mashine ahitaji mambo manne. Kwanza, muda: apate nafasi ya kumtazama mgonjwa na kuunda mawazo yake mwenyewe kabla ya kuitazama namba. Pili, maarifa: aijue mashine inakosea wapi na kwa watu gani, wala asiache kuyanoa macho yake kwa kufanya kazi siku nyingine bila msaada wake. Tatu, uhuru: aweze kusema hapana bila kuogopa kufukuzwa au kushutumiwa, na aulizwe sababu akikubali kama vile aulizwavyo akikataa. Nne, wajibu: jina lake lijulikane, na mgonjwa aweze kurudi kwake kuuliza. Likikosekana moja katika haya, mtu yule ni sanamu ya shambani ya kutishia ndege. Ana umbo la mlinzi, lakini halindi kitu.

Twajua kuna jibu ambalo viongozi na wafadhili watatupa, nalo si la kudharauliwa. Watasema: “Ninyi mwataka mganga mwenye muda, na pale kijijini mganga hayupo kabisa. Je, mashine si bora kuliko kukosa vyote?” Naam, ni bora. Mtu aliyepotea gizani hakatai taa kwa sababu hakuletewa jua. Kama kifua kikuu cha baba wa watoto watano chaweza kugunduliwa leo na programu, badala ya mwakani na mtaalamu, tumshukuru Mungu kwa programu. Wala hatumwiti Pilato mtumishi wa zahanati aliye peke yake, ambaye hana mwingine wa kumwuliza.

Lakini jibu hilo lina mtego ndani yake. Neno “bora kuliko kukosa” hutamkwa mwaka wa kwanza kama huruma, na mwaka wa kumi hutumiwa kama udhuru wa kutopeleka mganga. Hapo tutakuwa na hospitali za namna mbili: tajiri atashikwa mkono na daktari, na maskini atasomewa namba. Hati ile ya Vatikano yaonya waziwazi juu ya hatari ya matibabu kuwa mali ya matajiri. Kwa hiyo twasema: mashine ikitangulia kijijini, itangulie kama mtu wa kusafisha njia, na nyuma yake wafuate watu. Kila namba inayotolewa iwe na njia ya kufikia mtu: simu inayopokelewa, rufaa yenye gari, makohozi yanayopimwa kweli, muuguzi anayekwenda nyumbani kuuliza mgonjwa amemeza dawa au hapana. Fedha zinazookolewa kwa mashine zisiishie mfukoni. Ziwasomeshe matabibu na wauguzi. Picha iliyosomwa vyema, kisha mgonjwa asifuatwe na mtu, haijamponya mtu yeyote.

Sasa twasema nanyi, akina baba na akina mama. Msimwache mganga peke yake katika jambo hili. Mtoto wenu akisomewa majibu ya mashine, mwulizeni mganga kwa heshima: “Daktari, nawe mwenyewe umeonaje?” Swali hilo si ufidhuli. Ni kumkumbusha cheo chake. Mwambieni yale ambayo mashine haiyaoni: homa ilianza siku gani, mtoto amekataa ziwa tangu lini, mlimpa dawa gani ya miti shamba kabla ya kuja, na ndugu yupi nyumbani anakohoa. Msifiche kwa aibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 katika nchi yetu inamlinda mtu asiamuliwe mambo yake mazito na mashine peke yake. Basi haki hiyo ijueni.

Nanyi msiwe wa kwanza kumdharau mganga. Siku hizi wapo wanaoiuliza simu habari za ugonjwa wao usiku, na asubuhi humwendea tabibu wakitaka tu awaandikie dawa waliyoambiwa. Akikataa, humwita mjinga. Wako pia wanaonunua dawa wenyewe na kumpa mtoto kwa neno la simu, wasimwone mganga kabisa. Mzazi afanyaye hivyo naye amenawa mikono, maana mtoto alikabidhiwa yeye.

Na ninyi waganga, matabibu, wauguzi na wakunga, ambao mwabeba mzigo huu usiku na mchana: tunalijua jasho lenu. Bwana Wetu alipoendewa na mkoma, aliweza kumponya kwa neno tu akiwa mbali, kama alivyomponya mtumishi wa akida. Lakini kwa mkoma yule alinyosha mkono, akamgusa, mtu ambaye pengine hakuguswa na mtu kwa miaka mingi. Msamaria Mwema naye hakumtazama mjeruhi na kuendelea na safari. Alimfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa katika nyumba ya wageni, tena akaahidi kurudi. Ahadi hiyo ya kurudi ndiyo mashine isiyoweza kuitoa. Itumieni namba, isomeni kwa makini, na pale inapowasaidia ifurahieni. Kisha mwinueni mgonjwa uso, mmtazame, mwamue ninyi, na mwambieni jina lenu.

Twawaalika wote, katika Sala ya jioni ya juma hili, kuwakumbuka wagonjwa wa kila nyumba na wale wanaowahudumia. Mtakatifu Luka Mwinjili, aliyekuwa mganga, awaombee kwa Mungu wawe na macho yanayoona, na moyo wa kusema kweli waliyoiona, hata kama namba kiooni inasema lingine.